Namna ya Kulisoma Jimbo Lenye Ushindani Katika Mji wa Soko wa Uingereza

Uingereza inapoingia katika uchaguzi mkuu, mabaraza ya Tanga huwa na habari zake za kutosha. Redio ya BBC imesikilizwa hapa tangu enzi za wazee wetu, na familia nyingi za Ngamiani, Chumbageni na Makorora zina mtoto, shangazi au mkwe anayeishi huko. Hata hivyo mazungumzo huishia kwenye majina ya viongozi wa vyama na picha za mlango wa nyumba ya waziri mkuu London, ilhali serikali ya nchi ile hupatikana kwa namna nyingine. Wananchi hawamchagui waziri mkuu kwa kura zao. Kila jimbo humchagua mbunge mmoja, yule mwenye kura nyingi kuliko wenzake hata kama hakufikia nusu, na kwa kawaida chama chenye wabunge wengi kati ya 650 ndicho kinachounda serikali. Kwa kuwa majimbo mengi yamekuwa ngome za chama kimoja kwa miaka mingi, uamuzi huangukia majimbo machache yanayohama, na mengi ya hayo yamo katika miji ya ukubwa wa kati ambayo kwa asili ilikuwa miji ya soko.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulielewa jimbo kama hilo akiwa hapa hapa Tanga, awe mwanafunzi wa sayansi ya siasa, mtangazaji wa redio ya mkoa, au mzazi ambaye mwanawe anasoma huko na anataka kujua mji ule una siasa gani. Vifaa vinavyohitajika ni simu yenye intaneti, daftari na rula. Nitatumia mfano wa Loughborough, katika kaunti ya Leicestershire, kwa sababu historia ya kiti chake inajulikana vizuri na inagusa karibu kila jambo ambalo msomaji anapaswa kulitazama.

Kabla ya kuanza, yafaa niseme msimamo wangu, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zinautegemea. Watu wengi hudhani kwamba jimbo lenye ushindani ni jimbo la watu wa katikati, wasio na upande, wanaopima hoja za kila chama kisha wakaamua. Wapo watu wa namna hiyo, lakini si wao wanaolifanya jimbo liwe hivyo. Jimbo lenye ushindani ni makundi kadhaa yenye misimamo yake ya muda mrefu, yaliyowekwa ndani ya mpaka mmoja kwa uwiano unaokaribiana, kiasi kwamba matokeo huamuliwa na nani ametoka kwenda kupiga kura, nani amebaki nyumbani, na kura za upande upi zimegawanyika. Ukilitafuta kundi moja linaloitwa "wapiga kura wa Loughborough" hutalipata, kama ambavyo hakuna mtu wa Tanga atakayekubali kwamba Raskazone, Mabawa, Pongwe na Chongoleani wana fikra moja kwa sababu tu wamo katika jiji moja.

Tafuta mpaka kabla ya kutafuta mji

Hatua ya kwanza ni kufungua ramani ya jimbo, si ramani ya mji. Loughborough yenyewe ina watu takriban 65,000, lakini jimbo linaloitwa kwa jina lake limekuwa likichukua pia mji mdogo wa Shepshed ulioko magharibi na baadhi ya vijiji vya jirani. Wapiga kura wa vijiji hivyo kwa kawaida ni watu wazima zaidi, wenye nyumba zao wenyewe, na kwa muda mrefu wamekielekea chama cha Conservative kuliko watu wa katikati ya mji. Kwa hiyo kila mpaka unaposogezwa kijiji kimoja ndani au nje, tabia ya jimbo hubadilika hata kama hakuna mtu hata mmoja aliyebadilisha mawazo yake.

Hili si jambo la kinadharia. Stephen Dorrell wa Conservative alikuwa mbunge wa Loughborough kuanzia 1979. Mipaka ilipochorwa upya kwa ajili ya uchaguzi wa 1997 likaundwa jimbo jipya la jirani liitwalo Charnwood, naye akaenda kugombea huko na kushinda. Huko Loughborough alikoondoka, kiti kilichukuliwa na Andy Reed wa Labour, chama kikuu kinachoshindana na Conservative. Mgombea mzoefu, aliyekuwa waziri, alisoma ramani kabla ya kusoma ilani. Msomaji naye afanye vivyo hivyo.

Mipaka ya sasa ilianza kutumika katika uchaguzi wa Julai 2024. Tume huru za mipaka, moja kwa kila nchi kati ya nne zinazounda ufalme ule, ziliagizwa na sheria kuhakikisha kwamba kila jimbo, isipokuwa machache, hasa ya visiwa, lina wapiga kura wasiopungua 69,724 na wasiozidi 77,062. Ziandike tarakimu hizo daftarini, kwa maana ndizo zinazoeleza kwa nini mji wa soko karibu kila mara huunganishwa na vijiji. Mji peke yake hautoshi kuwa jimbo, na vijiji peke yake huenea mno.

Orodhesha washindi, kisha uliza kwa nini

Hatua ya pili ni kuandika orodha ya wabunge na vyama vyao kwa kurudi nyuma angalau miaka 50, na pembeni uandike chama kilichounda serikali kila mwaka huo. Kwa Loughborough orodha hiyo inashangaza. Tangu Februari 1974 hadi 2024 zimefanyika chaguzi kuu 14, na katika zote jimbo hilo limempeleka bungeni mtu wa chama kilichoishia kuongoza serikali. John Cronin wa Labour alikuwepo 1974. Dorrell akaja 1979 pamoja na Margaret Thatcher. Reed akaja 1997 pamoja na Tony Blair. Nicky Morgan wa Conservative akaja 2010 pamoja na David Cameron. Jane Hunt akamrithi 2019. Na Jeevun Sandher wa Labour akashinda 2024.

Wachambuzi wengi huishia hapo, wakaliita jimbo kioo cha taifa. Mimi naona orodha inaanza kuwa na manufaa pale unaporudi nyuma zaidi. Labour ilikishika kiti cha Loughborough mfululizo kuanzia 1945 hadi 1979, hata katika miaka ambayo Conservative walishinda nchi nzima, yaani 1951, 1955, 1959 na 1970. Jimbo linaloitwa leo la ushindani lilikuwa kwa zaidi ya miaka 30 ngome ya chama kimoja. Maana yake ni kwamba ushindani si tabia ya kuzaliwa nayo. Uliletwa na mambo yanayoweza kutajwa: mipaka, viwanda, elimu ya juu na nyumba mpya.

Sisi wa Tanga tuna sababu ya kulielewa hili haraka. Jimbo la Tanga Mjini lilikuwa na Omari Nundu wa CCM kuanzia 2010, likamchagua Mussa Mbarouk wa CUF mwaka 2015, kisha 2020 akatangazwa mshindi Ummy Mwalimu wa CCM. Mgeni anayeisoma orodha hiyo akiwa mbali anaweza kudhani kwamba watu wa Tanga ni wa kugeuka-geuka. Anayejua kwamba mwaka 2015 vyama vinne vya upinzani viliungana chini ya UKAWA na kuachiana majimbo, ili kura zisigawanyike, ataelewa kwamba swali la kuuliza ni jinsi kura zilivyopangwa dhidi ya CCM mwaka ule. Mpe mtu wa Loughborough haki hiyo hiyo ya kutohukumiwa kwa orodha peke yake.

Yatambue makundi, na uyape muda

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa pasifanywe haraka.

Neno "mji wa soko" humfanya msomaji afikirie wakulima, ng'ombe na utulivu. Ni kweli kwamba Loughborough ilipata ruhusa ya kifalme ya kuwa na soko katika karne ya 13, na hadi leo meza za wachuuzi hupangwa katikati ya mji siku za Alhamisi na Jumamosi. Lakini mji huu ni wa viwanda pia, na kundi la kwanza ni wafanyakazi wa viwanda hivyo, ambao historia yao ni kali. Mwaka 1816 wafanyakazi waliingia usiku katika kiwanda cha lesi cha John Heathcoat wakazivunja mashine zake, naye akahamishia shughuli zake Tiverton, kusini-magharibi mwa nchi. Baadaye ukawa mji wa mitambo ya umeme ya Brush, wa winchi, wa uchapaji wa vitabu vya watoto vya Ladybird, na wa kiwanda cha kengele cha John Taylor, ambacho mwaka 1881 kilisubu kengele kubwa iitwayo Great Paul kwa ajili ya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo London. Kazi za namna hiyo hujenga vyama vya wafanyakazi, na vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyoipa Labour mizizi yake hapo.

Viwanda vilipopungua, mizizi haikung'oka kwa siku moja. Uchapaji wa Ladybird ulikoma mjini humo mwishoni mwa miaka ya 1990, na kituo kikubwa cha utafiti wa dawa cha AstraZeneca kikafungwa 2011. Mtu wa Tanga aliyeshuhudia mkonge ukianguka bei na kiwanda cha mbolea kikifungwa anajua kwamba kijana wa fundi hapigi kura kama baba yake kwa sababu tu wanakaa nyumba moja. Baadhi ya watoto wa mafundi wa Loughborough wamebaki na Labour, baadhi wamekwenda Conservative kupitia suala la Umoja wa Ulaya, na siku hizi baadhi wanakitazama chama cha Reform UK, kilicho upande wa kulia. Katika kura ya maoni ya 2016, wilaya ya Charnwood (si lile jimbo la jirani lenye jina hilo), ambayo mji huu ndio makao yake, iliunga mkono kujitoa Umoja wa Ulaya kwa zaidi kidogo ya nusu ya kura, ingawa mbunge wa Loughborough, Nicky Morgan, alitaka nchi ibaki. Tarajia mpasuko kama huo ndani ya kila chama, na uuandike.

Kundi la pili ni wanafunzi. Chuo Kikuu cha Loughborough kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1966, na wanafunzi wake ni maelfu mengi katika mji usiofikia watu 70,000. Sheria inamruhusu mwanafunzi ajiandikishe nyumbani kwao na pia anakosomea, ila katika uchaguzi mkuu apige kura mahali pamoja tu. Kwa sababu hiyo tarehe ya uchaguzi ni jambo la kisiasa kamili. Uchaguzi wa Desemba 12, 2019 uliwakuta wengi wakiwa bado chuoni. Uchaguzi wa Julai 4, 2024 uliwakuta wengi wameshafunga vyumba vyao na kwenda makwao. Kwa hiyo, kabla ya kusema kwamba vijana wa mji fulani wameamka au wamelala, angalia kwanza kalenda ya chuo.

Kuna jambo ambalo wazazi wa Tanga wenye watoto huko hawalijui vya kutosha, nalo linawahusu moja kwa moja. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali, Watanzania wakiwemo, wana haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa nchi ile wakishatimiza miaka 18. Hawahitaji kuwa raia wa Uingereza. Kujiandikisha hufungwa siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura. Anayekwenda kituoni lazima awe na kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika. Katika jimbo ambalo mshindi na wa pili wameachana kwa kura elfu chache, mwanao ni sehemu ya tabia ya jimbo hilo, si mtazamaji.

Kundi la tatu ni jamii zenye asili ya Bara Hindi, hasa Wagujarati na Wabangladeshi. Leicester, mji mkubwa ulio umbali wa chini ya kilomita 20, ulipokea familia nyingi za Kihindi kutoka Afrika Mashariki baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, na wapo huko wazee wa Kigujarati wanaozungumza Kiswahili hadi leo. Msomaji wa hapa anaweza kuvutiwa na ukaribu huo akazihesabu kura zao zote upande mmoja. Asifanye hivyo. Kwa miongo mingi Labour ilikuwa na sehemu kubwa ya kura zao, lakini mfanyabiashara wa Kihindu, fundi wa Kibangladeshi na daktari wa kizazi cha pili wana maslahi tofauti, na vyama vyote viwili vikubwa vimekuwa vikiwatafuta.

Wenye nyumba wa vijijini na wa mitaa mipya ya pembezoni wanaeleweka kwa urahisi zaidi. Wanajali riba ya mikopo ya nyumba, treni ya kwenda kazini, foleni ya kumwona daktari, na kama mashamba yaliyo jirani yatageuzwa kuwa makazi. Kwa hili la mwisho hukasirikia chama chochote kinachoshika halmashauri.

Usitafute matokeo ya kituo

Mtu aliyezoea uchaguzi wetu atakwama hapa, kwa hiyo nieleze kwa kina. Kwetu kura huhesabiwa kituoni, na fomu ya matokeo hubandikwa nje, hata mtu wa Mikanjuni akaweza kujua kituo chake kimempa nani kura ngapi kabla ya giza kuwa nene. Uingereza hakuna jambo hilo. Masanduku yote ya jimbo hupelekwa mahali pamoja, idadi ya karatasi za kila sanduku huhakikiwa, kisha karatasi za vituo mbalimbali huchanganywa kabla ya kuhesabiwa kwa mgombea. Kinachotangazwa ni jumla ya jimbo zima. Kwa hiyo anayekuambia kwamba Shepshed ilipiga kura hivi na katikati ya mji vile katika uchaguzi mkuu anakisia, au amepata taarifa za mawakala wa chama waliosimama kwenye meza wakati karatasi zinafunuliwa, wakijaribu kuchungulia na kupiga mistari daftarini.

Njia ya kulizunguka tatizo hilo ni chaguzi za madiwani, kwa kuwa hizo hutangazwa kata kwa kata. Halmashauri ya Charnwood huchaguliwa kila baada ya miaka minne, na ya mwisho ilikuwa 2023. Chukua kata zote zilizo ndani ya mpaka wa jimbo, jumlisha kura za kila chama, kisha ziweke pembeni ya matokeo ya ubunge. Utaona ni kata zipi Labour imejikita, zipi Conservative hawaguswi, na wapi chama cha Green kimeanza kuota.

Zitumie tarakimu hizo kwa tahadhari. Watu wanaojitokeza katika chaguzi za madiwani ni wachache sana kuliko wa uchaguzi mkuu, na wanaokuja ni wenye hasira au wenye mazoea. Mei 2025, chini ya mwaka mmoja baada ya Labour kushinda kiti cha Loughborough, Reform UK ilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote katika baraza la kaunti ya Leicestershire, ingawa haikufikia nusu. Hiyo ni onyo kwa vyama vyote viwili vikubwa. Si utabiri wa ubunge.

Hesabu ya kura zinazohama

Andika tofauti ya kura kati ya mshindi na wa pili katika kila uchaguzi. Kwa Loughborough, Reed aliponea 2005 kwa tofauti isiyofika 2,000, huku chama chake kikiwa kimepoteza watu wengi kwa ajili ya vita vya Iraq, ambavyo yeye mwenyewe alivipinga kwa kujiuzulu wadhifa wake wa usaidizi wa waziri mwaka 2003. Morgan alishinda 2010 kwa takriban 3,700, akapanda hadi zaidi ya 9,000 mwaka 2015, akashuka hadi takriban 4,300 mwaka 2017. Hunt alipata zaidi ya 7,000 mwaka 2019, na Sandher akashinda 2024 kwa karibu 5,000.

Sasa fikiria tofauti ya kura 4,000. Mtu asiyezoea hesabu hii husema mpinzani anahitaji watu 4,001 wapya. Kumbe anayehama moja kwa moja kutoka kwa mshindi kwenda kwa wa pili anapunguza kura moja huku na kuongeza moja kule, kwa hiyo watu 2,001 wanatosha. Kwa asilimia hesabu ni hiyo hiyo: kama chama cha kwanza kimeshuka kutoka 45 hadi 40, na cha pili kimepanda kutoka 38 hadi 41, jumlisha tano na tatu, gawanya kwa mbili, na kuhama kwa kura ni asilimia nne. Jimbo ambalo tofauti yake ni asilimia saba huangukia upande wa pili kwa kuhama kwa zaidi ya asilimia tatu na nusu tu.

Hata hivyo hesabu hii huchukulia kwamba kura hutembea kati ya vyama viwili, na siku hizi hazifanyi hivyo. Mwaka 2017 Labour ilipata asilimia 40 ya kura zote za nchi ikashindwa. Mwaka 2024 ilipata chini ya asilimia 34 ikapata viti zaidi ya 400. Iliwezekana kwa sababu kura za upande wa kulia ziligawanyika kati ya Conservative na Reform UK, ambayo ilipata zaidi ya asilimia 14 nchi nzima lakini wabunge watano tu, na kwa sababu wafuasi wengi wa Conservative walibaki majumbani. Kwa hiyo katika daftari lako weka safu ya tatu kwa vyama vingine na safu ya nne kwa wasiopiga kura. Safu hizo mbili zinaeleza ushindi mwingi wa majimbo ya namna hii kuliko zile mbili za kwanza.

Soma karatasi za kampeni kwa rula

Vyama vya Uingereza haviruhusiwi kununua matangazo ya siasa kwenye televisheni wala redio, na matumizi ya kila mgombea jimboni yana kikomo cha kisheria. Kwa hiyo kampeni ya jimbo hupita mlangoni: karatasi zinazotumbukizwa ndani ya nyumba na watu wa kujitolea wanaogonga hodi. Mwombe ndugu yako aliye huko akupigie picha kila karatasi inayoingia, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha chama kinamwogopa nani.

Angalia hasa chati ya nguzo mbili au tatu inayodai kwamba chama fulani peke yake ndicho kinachoweza kumshinda mbunge aliyepo, na kwamba kura kwa chama kingine imepotea. Weka rula juu ya nguzo. Mara nyingi utakuta nguzo ya asilimia 30 imechorwa karibu sawa na ya asilimia 40, na ile ya asilimia 25 imebanwa chini kama haipo. Soma pia maandishi madogo ya chini, kwa maana tarakimu zinaweza kuwa za uchaguzi wa madiwani, au za kaunti nzima, au za uchaguzi uliofanyika kabla ya mpaka kubadilishwa. Chama kinachosema ukweli kuhusu nafasi yake hakina haja ya kunyoosha nguzo, na mimi kila nikiona chati ya namna hiyo huanza kuamini kwamba mwenye kuichora yuko nyuma.

Siku ya kura nje ya vituo vingi husimama watu wenye maua ya utepe kifuani, jekundu kwa Labour, bluu kwa Conservative, wakimwomba kila anayepita namba yake ya daftari la wapiga kura. Mtu wa kwetu, aliyezoea kwamba kampeni huzimwa kabla ya siku ya kura na sare za chama haziruhusiwi kituoni, hushtuka. Watu hao hawahesabu kura wala hawaruhusiwi kumshawishi mtu pale. Kazi yao ni kufuta kwenye orodha wafuasi waliokwishapiga kura, ili jioni wenzao wakawagongee mlango wale ambao hawajaonekana. Tangu 1935 kila uchaguzi mkuu wa nchi ile umefanyika Alhamisi, na Alhamisi Loughborough ni siku ya soko, kwa hiyo watu wa vijijini wanaokuja kununua mboga na wagombea wanaotafuta kura za mwisho hukutana kwenye meza zile zile.

Usiku wa matokeo

Vituo hufungwa saa nne usiku kwa saa za Uingereza. Uchaguzi ukiwa wa kiangazi, hapa Tanga itakuwa saa sita usiku. Ukiwa wa Desemba, saa saba. Dakika hiyo hiyo televisheni hutangaza makadirio yaliyotokana na kuwahoji watu wakitoka vituoni. Makadirio hayo kwa kawaida hukaribia ukweli kwa jumla ya viti, lakini kwa jimbo mojamoja yasikusumbue. Majimbo mengi hutangazwa kuelekea alfajiri na asubuhi yetu, kwa hiyo anayetaka kulala alale, aamke kwa adhana.

Ukiamka, usianze na hotuba ya mshindi. Andika kwanza waliojiandikisha, waliojitokeza, kura za kila mgombea na tofauti ya wawili wa juu. Linganisha waliojitokeza na wa uchaguzi uliopita, ukikumbuka kama mpaka ni ule ule. Kama mshindi amepata kura chache kuliko chama chake kilivyopata mara ya mwisho kiliposhindwa, hakushinda kwa kuwavuta watu, na msako wako uelekee kwa waliobaki nyumbani na kwa chama cha tatu. Kama kura zake zimeongezeka wakati waliojitokeza wamebaki pale pale, kuna waliohama kweli, na kata zilizopigiwa kura mwaka wa madiwani zitakuonyesha watafutwe mitaa gani. Fanya hesabu hiyo kwa mkono wako, kwenye ukurasa mmoja, kabla hujafungua redio kusikiliza uchambuzi wa mtu mwingine.